Sitta yupi?

Mzee alikuwa amekwisha kusimama. Alishika daftari lake la hisa, lile jembamba lenye jalada la bluu, amelikunja kwa urefu kama kifimbo, na alikuwa amesema maneno manne tu, "Mheshimiwa mwenyekiti, kuhusu mikopo", nilipomkatiza.

Ulikuwa mkutano mkuu wa mwaka wa SACCOS yetu, chama chetu cha akiba na mikopo hapa Tabora, na mwenyekiti wa kikao nilikuwa mimi. Saa nane na nusu mchana ilikuwa imepita, wali umeiva uani, na harufu yake ilikuwa imeingia ukumbini kabla hatujaifikia ajenda ya Mengineyo. Nilifungua kijitabu cha masharti, nikasoma kwa sauti kifungu kinachotaka hoja ya mwanachama iwasilishwe kwa maandishi siku 7 kabla ya mkutano, kisha nikamwomba mzee akae. Akakaa. Wanachama wakapiga makofi, na mpaka leo sijui kama walikipigia kifungu au waliupigia wali.

Baadaye, chini ya mwembe, nilimfuata nikampa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuwa Sitta kabisa."

Nilicheka, nikidhani nimesifiwa, maana katika mji huu kumfananisha wakili kama mimi na Samuel Sitta, aliyewahi kuwa Spika wa Bunge, ni kama kumvisha joho. Mzee alikuwa analifuta tandiko la baiskeli yake kwa kiganja, hakuniangalia.

"Ila sijui ni Sitta yupi," akasema. "Yule wa Richmond, au yule wa Bunge la Katiba?"

Akapanda baiskeli, akaenda zake. Richmond ni sakata la umeme la mwaka 2008, Sitta akiwa Spika; Bunge la Katiba ni lile la mwaka 2014, yeye akiwa Mwenyekiti wake. Hiyo ni wiki sita zilizopita, na swali lake bado halijanitoka.

Aliyerudishwa nyumbani

Sitawasimulia Sitta alikuwa nani. Walioishi miaka ile wanamjua, na kaulimbiu yake ya kasi na viwango ilikuja kuwa kama jina lake la pili. Kinachonivuta mimi ni mahali alipoanzia, kwa sababu safari yake haikuanza upande wa wenye kanuni mkononi. Ilianza upande wa wanaoambiwa wakae.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliandamana kupinga utaratibu wa kuwapeleka wahitimu Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na kuwakata sehemu kubwa ya mshahara. Bango moja lilisema ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere alikutana nao Ikulu, akawasikiliza, akapandwa na hasira, akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawarudisha makwao wanafunzi zaidi ya 300. Miongoni mwao alikuwemo kijana wa sheria, mzaliwa wa Urambo, aliyekuwa amesoma shule ya Tabora, shule ile ile aliyosoma Mwalimu.

Huwa najaribu kumwona kijana huyo ndani ya treni ya reli ya kati, anarudi nyumbani na sanduku lake, akiwa hajui kama atakuja kuwa mwanasheria au hatakuja kuwa kitu chochote. Alirudishwa chuoni, akamaliza sheria, na kufikia mwaka 1975 alikuwa mbunge wa Urambo chini ya Rais yule yule aliyemfukuza. Alikaa bungeni miaka 20, akashika wizara kadhaa ikiwemo ya Katiba na Sheria, akatoka, akaongoza Kituo cha Uwekezaji, akarudi bungeni mwaka 2005 na moja kwa moja akagombea uspika. Katika kura za ndani ya CCM alimwangusha Pius Msekwa, mtu aliyekuwa amekikalia kiti hicho tangu 1994 na ambaye kabla ya hapo alikuwa Katibu wa Bunge. Yaani alimwangusha mtu aliyelijua Bunge kuanzia misingi hadi kenchi.

Nilipokuwa mwanafunzi wa sheria niliisoma safari hiyo kama ngazi: chuo, ubunge, uwaziri, uspika. Wengi wetu tuliisoma hivyo, na tunaendelea kuwasoma wengine hivyo hivyo. Tulia Ackson naye alitoka darasa la sheria, akafika shahada ya uzamivu Cape Town, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa Naibu Mwanasheria Mkuu mwaka 2015, Naibu Spika mwaka huo huo, Spika mwaka 2022, na mwaka 2023 kule Luanda akachaguliwa kuwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Wazazi huwaonyesha watoto ngazi kama hizo kwa kidole.

Swali la mzee halikuhusu ngazi. Lilihusu mtu anafanya nini akishaketi.

Neno "anaweza"

Kwa faida ya wasiokuwa mawakili, niseme kitu kimoja kuhusu kazi yetu. Mtu wa kawaida akisoma sheria hutafuta kilichokatazwa, lakini mwanasheria hutafuta mahali palipoandikwa "anaweza". Pakiandikwa "atafanya", mtu amefungwa mikono, na pakiandikwa "anaweza", mtu amekabidhiwa ufunguo. Kanuni za Kudumu za Bunge zimejaa funguo za namna hiyo, na karibu zote zimetundikwa kwenye ukuta mmoja: Spika anaweza kuruhusu, Spika anaweza kukataa, Spika anaweza kuahirisha, Spika anaweza kuipeleka hoja kwenye kamati.

Sitta alilijua hilo kuliko Spika yeyote niliyemshuhudia. Kanuni zikaandikwa upya, toleo la mwaka 2007, na ndani yake likaja jambo ambalo leo tunaliona la kawaida: Waziri Mkuu kusimama Alhamisi na kujibu maswali ya papo kwa papo. Kamati za kukagua hesabu zilikabidhiwa kwa wabunge wa upinzani waziongoze. Haya hayakuwa mapambo. Waziri Mkuu asiyejua ataulizwa nini hulazimika kujua serikali yake inafanya nini, na mkurugenzi wa shirika la umma anayejua kwamba hesabu zake zitasomwa na mtu asiye wa chama chake huzisoma kwanza mwenyewe.

Hapo ndipo ningependa kumaliza habari za Sitta wa kwanza, nimwambie mzee kwamba kulikuwa na Sitta mwema na baadaye akaja Sitta mwingine, tufunge daftari.

Buzwagi haikuniruhusu.

Agosti 2007

Mwezi Agosti mwaka huo huo wa kanuni mpya, mbunge kijana wa Kigoma Kaskazini, Zitto Kabwe, alisimama akataka iundwe kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi, ambao waziri alikuwa ameusaini London. Alisema waziri amelidanganya Bunge. Kwa siku moja tu meza iligeuzwa: badala ya kuchunguzwa mkataba, aliyehojiwa ni aliyeuliza. Bunge lililokuwa chini ya Sitta lilimsimamisha hadi Januari 2008.

Kila kitu kilifuata taratibu. Hoja ilitolewa, ikaungwa mkono, ikajadiliwa, ikapigiwa kura, na kwa kuwa chama tawala kilikuwa na wabunge wengi, matokeo yalijulikana kabla kengele haijapigwa. Nimekaa na jambo hili kwa muda mrefu wiki hizi kuliko jambo jingine lolote, kwa sababu linavunja hadithi niliyokuwa nimeizoea. Sitta wa Bunge la Katiba hakuzaliwa mwaka 2014. Alikuwepo tangu 2007, ndani ya ukumbi ule ule, na miezi sita tu ilimtenganisha na Sitta wa Richmond.

Miezi sita!

Tuliposikiliza redio

Februari 2008 nilikuwa mwaka wa pili. Tulikuwa tumejazana kwenye varanda ya bweni, redio ndogo ya betri imewekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mwenye redio akikataza mtu kuigusa kwa sababu ukiisogeza tu mawimbi yanapotea. Kamati Teule ya watu watano iliyochunguza mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond ilikuwa inasoma taarifa yake. Mwenyekiti wake alikuwa Dakta Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela, mwanasheria aliyewahi kufundisha chuo kile kile tulichokuwa tunasoma, na tulimsikiliza kwa kujivuna kana kwamba ni sisi tuliomtuma.

Taarifa ilisomwa tarehe 6. Kesho yake Waziri Mkuu Edward Lowassa alisimama akaliambia Bunge kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu. Mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha nao wakaachia ngazi. Karamagi ndiye waziri wa Buzwagi. Varanda ililipuka, mtu mmoja alipiga ndoo teke, redio ikaanguka, na mambo mengine tuliyasoma magazetini.

Kwa Spika, kilichotakiwa siku zile mbili kilikuwa kidogo na kigumu: kuacha taarifa isomwe yote hadharani. Angeweza kuiweka kwenye ajenda ya mwisho wa mkutano, angeweza kuomba ipitiwe kwanza na kamati nyingine, angeweza kutafuta neno moja lenye utata na kulipatia mwongozo wa siku tatu. Funguo zote alikuwa nazo. Aliacha mlango wazi akakaa pembeni, na serikali ikaanguka mchana kweupe kwa sababu tu maneno yalisomwa mpaka mwisho.

Ila kuna jambo la varandani ambalo sijawahi kuliandika.

Lowassa, katika maneno yake ya kuaga, alilalamika kwamba Kamati haikumwita wala kumhoji, ilhali alikuwepo. Mwenzetu mmoja, kijana mpole kutoka Singida, aliinua kichwa akasema, "Lakini ni kweli, mbona hawakumsikiliza?" Tulikuwa wanafunzi wa sheria. Wiki hiyo hiyo tulikuwa tumefundishwa kwamba mtu asihukumiwe bila kusikilizwa, tumeandika kwenye madaftari, tumepigia mstari. Tulimzomea mpaka akaingia chumbani kwake.

Naamini bado kwamba Kamati ilifanya kazi kubwa na kwamba nchi ilikuwa na haki ya kuisikia. Hata hivyo swali la yule kijana lilikuwa swali halali la kisheria, na sisi tulilizima kwa sababu wali wetu siku hiyo ulikuwa umeiva.

Bei ya kiti

Watu husahau kilichofuata, pengine kwa sababu hakikuwa na redio.

Agosti 2009, katika kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM mjini Dodoma, Sitta alishambuliwa na wenzake kwa kuliachia Bunge liivue nguo serikali, na hoja ya kumnyang'anya kadi ya uanachama ilitajwa waziwazi. Msomaji asiyeifahamu Katiba yetu anaweza kuona hilo ni ugomvi wa nyumbani tu. Lakini kwa mujibu wa ibara ya 71, mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini hupoteza ubunge. Na kwa mujibu wa ibara ya 84, Spika aliyechaguliwa kutoka miongoni mwa wabunge hupoteza kiti akipoteza ubunge. Kwa hiyo mkono unaoweza kuichukua kadi ndogo ya kijani unaweza kumshusha mtu ambaye Bunge zima limemchagua. Hakuna haja ya kumgusa Spika. Unagusa kadi.

Hawakuichukua. Iliundwa kamati ya wazee chini ya Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi kusuluhisha, na mambo yakatulia kijuujuu. Mwaka uliofuata, ulipofika uchaguzi wa Spika, vikao vya juu vya chama viliamua kwamba safari hii kiti kiende kwa mwanamke, vikapitisha majina matatu ya wanawake, na Anne Makinda akachaguliwa. Kwamba nchi ilipata Spika mwanamke wa kwanza ni jambo la heshima, wala sina neno na mama Makinda. Ninachokiona kama wakili ni uandishi wenyewe: Sitta hakuondolewa, hakukatwa jina kwa kosa lolote. Sifa za kugombea zilibadilishwa kidogo tu, kwa sababu njema, na yeye akajikuta yuko nje ya mlango.

Alipewa wizara ya Afrika Mashariki. Sijui alijifunza nini kutokana na hayo, na sipendi kumsemea marehemu. Najua mimi ningejifunza nini.

Kura 487

Tarehe 12 Machi 2014 Bunge Maalum la Katiba lilimchagua kuwa Mwenyekiti kwa kura 487 kati ya 563. Mpinzani wake, wakili Hashim Rungwe, alipata 69. Makamu Mwenyekiti akachaguliwa Samia Suluhu Hassan, na hakuna aliyekuwa anajua kwamba miaka saba baadaye angekuwa Rais. Wajumbe walikuwa zaidi ya 600, posho ilikuwa shilingi 300,000 kwa siku, na bado kulikuwa na waliosema haitoshi.

Tuliokuwa na matumaini tulisema, afadhali ni Sitta.

Mbele yake kulikuwa na rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyokuwa imezunguka nchi nzima kukusanya maoni na kupendekeza muundo wa serikali tatu. Warioba aliiwasilisha tarehe 18 Machi. Siku tatu baadaye Rais Kikwete akahutubia na kueleza kwa urefu ubaya wa serikali tatu. Sisi mawakili tuligombana wiki nzima juu ya mpangilio huo, kwa sababu anayesema mwisho katika shauri huwa na faida yake. Tarehe 16 Aprili wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakiongozwa na Profesa Lipumba wa CUF, walisimama wakatoka ukumbini.

Hapa ndipo kiti kilipokuwa na nafasi yake kubwa kuliko zote, na hapa ndipo mimi na mzee tunapoanza kuelewana. Mwenyekiti angeweza kusema kwamba Katiba haiandikwi na upande mmoja, akaahirisha, akalirudisha jambo kwa waliomtuma. Angeweza pia kuhesabu vichwa vilivyobaki, akaona akidi imetimia, akaendelea. Njia zote mbili zilikuwa halali. Aliendelea.

Agosti walirudi bila UKAWA. Kanuni zikarekebishwa. Mjumbe akaruhusiwa kuchagua kura ya siri au ya wazi, na waliokuwa nje ya nchi, wakiwemo mahujaji waliokuwa Makka, wakaruhusiwa kupiga kura kutoka huko huko waliko. Kulikuwa na sababu ya hesabu: ilihitajika theluthi mbili ya wajumbe wa kila upande wa Muungano, na upande wa Zanzibar kila kura ilikuwa dhahabu. Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Othman Masoud Othman, alisimama akazikataa baadhi ya ibara kwa kura ya wazi. Siku chache baadaye Rais Shein wa Zanzibar akamwondoa kwenye wadhifa wake. Tarehe 2 Oktoba 2014 matokeo yakatangazwa, theluthi mbili imepatikana, kwa upande wa Zanzibar ikiwa kwa kura chache mno, na ukumbi ukaimba na kucheza. Kura ya maoni ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na haijapigwa mpaka leo.

Ukiutazama ukumbi ule utaona wanasheria kila pembe. Mwenyekiti ni mwanasheria. Aliyeongoza kamati ya uandishi, Andrew Chenge, aliwahi kuwa Mwanasheria Mkuu. Aliyeleta rasimu ni jaji, naye pia aliwahi kuwa Mwanasheria Mkuu. Aliyeikataa mbele ya kadamnasi ni Mwanasheria Mkuu. Wote walisomeshwa elimu ile ile, wote walijua kutafuta neno "anaweza". Kama sheria peke yake ingekuwa inamwonyesha mtu njia, watu wale wasingeachana njia panda.

Nadharia yangu niliyoitupa

Kwa wiki mbili za kwanza nilikuwa na jibu la mzee, na lilikuwa jibu zuri. Ningemwambia kwamba Sitta wa 2008 hakuwa na cha kupoteza na Sitta wa 2014 alikuwa anautaka urais, maana kweli mwaka 2015 alijitokeza ndani ya CCM kuomba kuteuliwa. Ningemwambia chama kilimfundisha adabu mwaka 2009, naye akafundishika.

Nililitupa jibu hilo kwa sababu mbili. Kwanza, si kweli kwamba mwaka 2008 hakuwa na cha kupoteza, tumeona alikipoteza. Pili, Buzwagi. Mtu aliyemsimamisha Zitto Agosti na kumwacha Mwakyembe asome Februari hakuwa anaongozwa na woga peke yake wala ujasiri peke yake. Nimejaribu kutafuta tofauti kati ya siku zile mbili na ninayoiona mimi ni moja, nayo hainipendezi: mwezi wa Agosti aliyesimama alikuwa peke yake na upande wa wachache, mwezi wa Februari waliosimama walikuwa kamati iliyoundwa na Bunge lenyewe, inayoongozwa na mbunge wa chama tawala, na nje kulikuwa na nchi nzima iliyowahi kukaa gizani kwa mgawo wa umeme, ikisubiri kusikia. Kiti kilisikiliza palipokuwa na sauti nyingi.

Huenda nakosea. Wapo waliofanya naye kazi watakaosema alikuwa amebadilika kati ya Agosti na Februari, kwamba kelele za wananchi juu ya Zitto zilimfundisha, na kwamba ndiyo sababu Zitto aliporudi alipewa kamati ya hesabu za mashirika ya umma akaiongoza kwa makali. Ningependa iwe hivyo. Ingekuwa hivyo, mwaka 2014 unakuwa mgumu zaidi kuuelewa, si mwepesi.

Urambo

Alifariki Munich, Ujerumani, tarehe 7 Novemba 2016, akiwa na miaka 73. Mwili ulipitishwa Dodoma, ukaingizwa ndani ya ukumbi wa Bunge alimokuwa akiongoza, wabunge wakamuaga humo, ndipo akapelekwa Urambo kuzikwa. Mama Margaret Sitta, mkewe, wakati huo ndiye alikuwa mbunge wa Urambo.

Nilikwenda mazishini kama nusu ya mawakili wa Tabora walivyokwenda. Nakumbuka vumbi, nakumbuka magari ya serikali yameegeshwa mpaka kwenye mashamba ya tumbaku, na nakumbuka vijana wawili waliokuwa nyuma yangu wakibishana kwa kunong'ona, mmoja anasema Richmond, mwingine anasema Katiba, mpaka mama mmoja akageuka akawaambia wanyamaze, hapa ni msibani.

Kifungu chenyewe

Jumamosi iliyopita nilikifungua tena kile kijitabu cha masharti ya SACCOS. Nilitaka kuona maneno niliyoyasoma siku ile, kwa sababu nilianza kuingiwa na shaka kwamba niliyasoma yote. Kifungu kinasema kila hoja ya mwanachama iwasilishwe kwa maandishi siku 7 kabla ya mkutano mkuu, halafu kuna mkato, halafu maneno matano niliyoyaruka kwa sauti kubwa mbele ya watu zaidi ya 100:

"isipokuwa kwa idhini ya mwenyekiti."

Sikuyaruka kwa kutojua. Nilikuwa nayajua, mimi ndiye niliyeshauri yaandikwe masharti yalipofanyiwa marekebisho. Nilijua pia, kama kila aliyekuwa mstari wa mbele, mzee alikuwa anaelekea wapi na ile habari ya mikopo, na ni mkopo wa mjumbe gani wa bodi uliopita bila wadhamini kutimia. Mjumbe huyo ni rafiki yangu. Alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwangu, na nilipomkatiza mzee nilisikia pumzi yake ikishuka.

Nilimpigia mzee simu. Nikamwomba radhi, nikamweleza kwamba nitaitisha kikao cha dharura kabla ya msimu wa kulima, na kwamba hoja yake haitahitaji kuandikwa. Alikaa kimya kidogo, nikasikia kuku nyuma yake.

"Hapana, mwanangu. Nitaiandika," akasema. "Nitaiandika na nitaileta siku 8 kabla. Wewe nitafutie tu mtu mwingine wa kuendesha kikao siku hiyo."